Mwalimu wa Timu: Tujifunze Nini kwa Taifa Stars?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, wakati wa kujadili ajenda ya timu ya mpira ya shule)



Katibu aliponiandikia aliniomba nieleze historia ya timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu na walimu wakuu waliopata kuifundisha. Nikamwuliza kwa nini mimi, ambaye sikupata kuvaa jezi ya timu ya mkoa, sembuse ya taifa. Akanijibu kwamba leo mkutano una jambo la kuamua. Timu ya shule imefungwa miaka mitatu mfululizo katika mashindano ya UMISSETA ya wilaya, na baadhi yetu tumependekeza tuchange fedha, tumlete kocha kutoka Mwanza kwa msimu mmoja, aturudishie heshima. Kabla hatujapiga kura, Katibu aliona yafaa tuitazame timu kubwa kuliko yetu, ambayo imekwisha kubadilisha walimu mara nyingi.

Basi nitazungumza juu ya Taifa Stars. Lakini nitalazimika kuzungumza pia juu ya kiwanja hicho mnachokiona nyuma ya bwalo, kwa sababu liko jambo nililofanya pale, mimi na wenzangu, ambalo sijapata kulisema mbele ya mkutano huu.

Kwanza neno lenyewe. Magazeti yanaandika “kocha”, lakini wachezaji wenyewe, tangu zamani hadi leo, humwita “mwalimu”. Mchezaji akihojiwa redioni atasema, “Tunafuata maelekezo ya mwalimu.” Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia mwishoni.

Mpira wetu wa kimataifa haukuanza jana. Tanganyika ilianza kushiriki Kombe la Gossage mwaka 1945, ikikutana na Kenya na Uganda waliokuwa wametangulia tangu mwaka 1926. Tulilichukua kombe hilo miaka mitatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Baada ya Uhuru tukalichukua tena mwaka 1964 na 1965. Mashindano hayo yalipokuwa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, Tanzania Bara ilishinda mwaka 1974 mjini Dar es Salaam, mwaka 1994 mjini Nairobi, na mwaka 2010 tena Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Zanzibar walilichukua mwaka 1995. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi ni watu wasiojua mpira. Lakini kwa Afrika nzima, mlango ulifunguka mara moja tu katika karne iliyopita, na mara hiyo nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa hapa.

Wazee wenzangu mnaukumbuka mwaka 1979. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia katika mkoa wetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na majeshi yetu yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Vita haikufika Ngara wala Biharamulo kwa mizinga, lakini ilifika kwa njia nyingine. Malori yalichukuliwa kwenda kubeba askari na chakula. Mgambo waliondoka vijijini. Sabuni iliadimika, mafuta ya taa yakaadimika, na bweni letu, ambamo watoto wa Ngara na wa Biharamulo tulilala vitanda kwa vitanda, lilikuwa na wavulana ambao kaka zao walikuwa hawajarudi. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Ndipo Jumapili moja, tarehe 26 Agosti 1979, Taifa Stars ilipocheza na Zambia mjini Ndola. Tulikuwa tumekwisha kuitoa Mauritius, na Zambia tulikuwa tumeifunga Dar es Salaam bao 1 kwa 0. Sare ilitosha kutupeleka fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Redio iliyokuwapo ilikuwa ya mpishi wetu. Betri zilikuwa zimechoka, naye alikuwa amezianika juani tangu Ijumaa ili zipate nguvu kidogo. Tulizunguka redio ile nje ya jiko, wavulana zaidi ya mia moja, tumenyamaza kana kwamba tuko msibani. Sauti ilikuwa ikipotea na kurudi. Ilipotangazwa kwamba Peter Tino amefunga, mpishi mwenyewe alikuwa wa kwanza kuruka, na maharage yakaungua jikoni. Mechi ilikwisha 1 kwa 1. Usiku ule tulikula maharage yenye harufu ya moshi, wala hakuna aliyelalamika.

Nawaomba vijana mwelewe furaha ile. Haikuwa furaha ya mpira peke yake. Nchi ilikuwa imetoka vitani, mifuko ilikuwa mitupu, na hapo pakatokea jambo lililowafurahisha watu wote kwa pamoja.

Fainali zilifanyika Nigeria mwezi Machi 1980. Nchi zilikuwa 8 tu. Sisi tulipangwa na wenyeji Nigeria, Misri na Ivory Coast. Tarehe 8 Machi, mechi ya ufunguzi mjini Lagos, Nigeria walitufunga 3 kwa 1, na bao letu alifunga Juma Mkambi. Misri wakatufunga 2 kwa 1. Na Ivory Coast tukatoka sare 1 kwa 1. Mabao yetu katika mechi hizo mbili yalifungwa na Thuwein Ally. Tulirudi na pointi moja. Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe, baada ya kuifunga Aljeria 3 kwa 0 katika fainali.

Sasa swali letu: mwalimu wa timu ile alikuwa nani? Ukifungua vitabu vya mashindano utakuta jina la Slawomir Wolk, aliyetoka Poland. Ukiwauliza Watanzania wa rika langu, wengi watakutajia Joel Bendera, mzalendo aliyekuwa katika benchi la ufundi la Stars safari ile. Majina yote mawili yana haki ya kutajwa. Bendera baadaye alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri aliyeshughulika na michezo, na Mkuu wa Mkoa, Morogoro na kisha Manyara. Alifariki dunia Desemba 2017. Katika wachezaji wa kikosi kile alikuwamo Leodegar Tenga, aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Kwa hiyo timu ile haikutuletea kombe, lakini ilituletea watu.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, niruhusu nirudi kwenye kiwanja chetu.

Wakati Stars ikiwa Lagos, mimi nilikuwa kidato cha nne na nahodha wa timu ya shule. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mwalimu wa Jiografia, mtu mfupi, mpole, asiyepiga kelele. Alitukuta tukicheza pekupeku. Mpira wa ngozi ulipopasuka na duka la ushirika likawa halina mwingine, alikaa nasi chini ya miti akasokota mpira wa maganda ya migomba, akaufunga kwa kamba, na mazoezi yakaendelea. Kiwanja chetu kimeinama upande wa magharibi kama kilivyo hadi leo. Yeye alitufundisha kucheza tukipanda mlima kipindi cha kwanza bila kuchoka. Kulikuwa na kijana mmoja wa kutoka upande wa Rulenge ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa dhaifu tangu utotoni. Mwalimu yule alimkalisha jioni mwaka mzima, akimpigia mpira na kurudishiwa, mpaka mguu wa kushoto wa kijana yule ukawa ndio hofu ya wilaya.

Lakini tulikuwa tukifungwa. Wiki ile ile Nigeria walipoifunga Stars, sisi tulifungwa na shule jirani, nyumbani, mbele ya wazazi. Tukaudhika. Tulikaa bwenini usiku tukasema, tatizo ni mwalimu. Hajui mpira, ni mtu wa ramani na mito. Kesho yake wachezaji watano tulikwenda kwa Mkuu wa Shule wa wakati huo, mimi nikiwa msemaji, tukaomba tupewe mwalimu mwingine. Nilisema maneno makali. Nilisema mwalimu yule anaturudisha nyuma.

Mkuu wa Shule alitusikiliza. Muhula uliofuata timu ilikabidhiwa kwa mwalimu kijana aliyekuwa ametoka JKT, mwenye filimbi na sauti kubwa. Alikuwa mtu mwema, simlaumu kwa lolote. Miezi mitatu baadaye tulishinda mashindano ya wilaya. Tulimbeba mabegani kuzunguka kiwanja. Nikiwa nimemshika mguu mmoja, nilitazama upande wa goli la chini, nikamwona mwalimu wetu wa Jiografia akikunja nyavu, maana nyavu zilikuwa za kuazima na zilitakiwa zirudishwe kabla ya giza. Hakuna aliyemwendea.

Wachezaji 11 waliocheza siku ile, wote 11 aliwafundisha yeye. Bao la ushindi lilifungwa kwa mguu wa kushoto.

Sitaki mdhani naileta habari hii kwa sababu ya uzee na majuto peke yake. Naileta kwa sababu nimeifuatilia Taifa Stars tangu Ndola hadi leo, na kila mara nimeona jambo lile lile likijirudia kwa ukubwa wa nchi nzima. Tuangalie.

Baada ya Lagos tulikaa miaka 39 bila kurudi fainali za Mataifa ya Afrika. Je, tulikosa walimu? Hapana. Walikuja wengi, wa kwetu na wa nje. Mwaka 2006 alikuja Marcio Maximo kutoka Brazil, akakaa miaka minne. Nadhani huo muda ndio uliokuwa msaada wake mkubwa kuliko mbinu zozote. Aliwarudisha watu uwanjani wakavaa rangi za taifa, akawaamini vijana, na mwaka 2009 Stars ikacheza fainali za kwanza za CHAN, yaani mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, zilizofanyika Ivory Coast. Tuliwafunga wenyeji bao 1 kwa 0 kwa bao la Mrisho Ngassa, ingawa hatukuvuka kundi. Maximo aliondoka mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka huo huo Kombe la Chalenji likaja Dar es Salaam, mwalimu akiwa Jan Poulsen wa Denmark, aliyekuwa na miezi michache tu kazini. Tulimshangilia Poulsen, na alistahili. Lakini wengi wa wachezaji wale walikuwa wamelelewa na nani?

Kuanzia hapo tukawa watu wa kubadilisha. Jan Poulsen, kisha Kim Poulsen, kisha Mart Nooij wa Uholanzi, kisha Charles Boniface Mkwasa, kisha Salum Mayanga, kisha Emmanuel Amunike wa Nigeria. Walimu wakuu 6 kati ya mwaka 2010 na 2019. Kila aliyekuja alianza kwa kuwajua wachezaji, na kabla hajamaliza kuwajua akawa anaaga.

Tarehe 24 Machi 2019 tuliwafunga Uganda mabao 3 kwa 0 Dar es Salaam, Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris wakifunga, tukafuzu kwenda Misri. Amunike akawa shujaa. Lakini hebu tuhesabu pamoja, kama tunavyohesabu alama za mtihani. Tulifuzu kwa pointi 8. Moja ya pointi hizo ilipatikana Juni 2017, sare ya 1 kwa 1 na Lesotho, Mayanga akiwa ndiye mwalimu. Siku ya sherehe nani alimtaja Mayanga? Na huyo Amunike tuliyemshangilia mwezi Machi, mwezi Julai mwaka ule ule alikuwa ameondoka, baada ya kufungwa na Senegal, Kenya na Aljeria.

Akafuata Etienne Ndayiragije, mtu wa Burundi, nchi ambayo ninyi mliozaliwa Kabanga mnavuka mpaka kwenda sokoni kwake. Aliipeleka Stars kwenye CHAN nchini Kamerun mwezi Januari 2021. Tulifungwa na Zambia, tukaifunga Namibia, tukatoka sare ya 2 kwa 2 na Guinea. Mwezi wa pili akaondoka. Kim Poulsen akarudi, kisha Honour Janza wa Zambia, na mwaka 2023 akaja Adel Amrouche wa Aljeria.

Tarehe 7 Septemba 2023 Amrouche aliiongoza Stars kupata sare ya 0 kwa 0 na Aljeria, kwao, mjini Annaba, tukafuzu kwa mara ya tatu. Safari hii pia tulifuzu kwa pointi 8, na Uganda wakabaki na 7. Pointi ya kwanza katika zile 8 ilipatikana dhidi ya Niger mwezi Juni 2022, chini ya Kim Poulsen. Bila pointi ile, Annaba isingetosha. Mtu aliyeitafuta hakuwapo siku ya kushangilia.

Sasa fikirini yaliyotokea Ivory Coast Januari 2024. Tulifungwa na Moroko 3 kwa 0 katika mechi ya kwanza. Amrouche alikuwa amesema maneno juu ya Moroko yaliyomponza, Shirikisho la Afrika likamfungia mechi 8, na timu ikabaki bila mwalimu mkuu katikati ya mashindano. Ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, anayeitwa Morocco, mzaliwa wa Zanzibar, akisaidiwa na Juma Mgunda. Hemed hakuwa mgeni wa kazi. Desemba 2017 alikuwa ameifikisha Zanzibar fainali ya Chalenji kule Kenya. Aliichukua Stars siku chache tu kabla ya mechi ya Zambia, tukatoka sare 1 kwa 1, na kisha 0 kwa 0 na Kongo. Ilikuwa mara ya kwanza tupate pointi 2 katika fainali hizo.

Hemed akaendelea. Tarehe 19 Novemba 2024 Msuva aliifunga Guinea bao pekee Dar es Salaam, nasi tukafuzu kwa fainali za 2025 nchini Moroko. Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Tukaifunga Burkina Faso 2 kwa 0 siku ya ufunguzi, tukaongoza kundi, tukatolewa na Moroko kwa bao moja katika robo fainali. Kisha, mwezi Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali alizotupeleka yeye mwenyewe, Hemed aliondolewa na timu ikakabidhiwa Miguel Gamondi wa Argentina. Gamondi alifungwa na Nigeria 2 kwa 1, akatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu tukavuka kundi. Januari 2026 wenyeji Moroko wakatutoa, bao 1 kwa 0, katika hatua ya 16 bora.

Mimi nilishangilia kama ninyi nyote. Lakini baada ya kushangilia nilikaa nikamwona tena yule mtu mfupi akikunja nyavu.

Msinielewe vibaya. Sisemi mwalimu wa nje hafai. Wolk alitoka Poland, Maximo alitoka Brazil, na wote tunawakumbuka kwa wema. Wala sisemi mwalimu asiondolewe kamwe. Yupo mwalimu mvivu, na yupo anayependelea. Ninachosema ni hiki: mwalimu wa timu hupimwa kwa matokeo ya mechi ya mwisho, lakini kazi yake huonekana katika miguu ya wachezaji miaka mitatu au minne baadaye, mara nyingi mikononi mwa mtu mwingine. Aliyepanda na anayevuna si lazima wawe mtu mmoja. Kosa letu, la taifa na la kiwanja hiki, ni kumshangilia mvunaji na kumfukuza mpandaji, halafu kushangaa kwa nini msimu unaofuata shamba halina kitu.

Tena timu ya taifa haiumbi wachezaji. Inawapokea. Mwalimu mkuu wa Stars hukaa na wachezaji wake siku chache kabla ya mechi, kisha wanatawanyika kwenda kwenye klabu zao. Hana muda wa kumfundisha mtu kutumia mguu wa kushoto. Hilo lazima liwe limefanyika zamani, kwenye UMITASHUMTA, kwenye UMISSETA, kwenye viwanja vilivyoinama kama hiki chetu, na mwalimu wa Jiografia ambaye jina lake halitaandikwa gazetini. Miaka 39 tuliyokaa nje haikuwa ya kukosa makocha wakubwa Dar es Salaam. Ninavyoona mimi, ilikuwa pia miaka ya kuwasahau walimu wadogo huku chini.

Sasa nije kwenye ajenda. Naomba tumlete huyo kocha wa Mwanza, lakini si kwa namna iliyopendekezwa. Naomba mambo manne.

La kwanza, tusimwite kwa msimu mmoja. Tumpe miaka mitatu, au tusimwite kabisa. Kama fedha hazitoshi kumkalisha hapa, aje likizo na mwanzo wa kila muhula.

La pili, akija asifanye kazi peke yake. Afanye kazi pamoja na walimu wawili wa shule hii, na sehemu ya mchango wetu iwapeleke walimu hao kwenye mafunzo ya ukocha ya ngazi ya awali. Kocha akiondoka, elimu ibaki Ngara na Biharamulo.

La tatu, tununue mipira kabla ya kununua jezi. Timu yenye jezi mpya na mipira miwili hufanya mazoezi ya kusimama foleni.

La nne, shule za msingi zinazotuzunguka zipewe mipira pia, na Jumamosi zialikwe hapa. Mtoto wa darasa la tano anayecheza leo huko Nyakahura au Kabanga ndiye mshambuliaji wetu wa miaka minne ijayo.

Nanyi vijana mnaocheza sasa, nina neno moja tu kwenu. Mkifungwa, na mtafungwa, msikimbilie ofisi ya Mkuu wa Shule usiku haujapita. Kaeni kwanza mjiulize: haya ninayoyajua uwanjani, nani alinifundisha?

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Mwaka 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipokuwa wakimiminika kupitia Rusumo na barabara yetu imejaa malori ya chakula, nilisimama Lusahunga kusubiri gari. Nikamwona mwalimu wetu wa Jiografia amekaa juu ya gunia, ameshastaafu, anarudi kwao. Nilimwamkia, akanitambua mara moja. Sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza. Aliniuliza habari za timu, mmoja baada ya mwingine, kwa namba zao. Namba mbili yuko wapi? Namba sita ameoa? Alipofika namba kumi na moja, yule wa Rulenge, akauliza, “Na ule mguu wa kushoto, bado anao?” Nikamwambia anao, anafundisha watoto wake. Akacheka sana.

Nilitaka kumwomba radhi. Lori lililokuwa likimchukua likapiga honi, akasaidiwa kupanda, akanipungia mkono. Sikumwona tena, na baadaye nikasikia amefariki.

Nimechelewa kumwambia yeye, kwa hiyo nimewaambia ninyi. Kura yangu ni ya miaka mitatu.